Mchuuzi wa Kibirizi: chagua baiskeli kwa mlima na mzigo, si kwa mbio

Alfajiri, mitumbwi iliyokesha Ziwa Tanganyika inapoanza kurudi mwalo wa Kibirizi, pikipiki si chombo pekee kinachosubiri mzigo. Kando ya matenga na makarai huwapo baiskeli zimeegemezwa, baadhi mpya za dukani, baadhi zimechomelewa mara tatu, na kwenye keria zake imefungwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mwenye baiskeli akipata dagaa wake mapema na kuwafikisha sokoni kabla jua halijawa kali, huuza kwa bei nzuri. Akikatikiwa na cheni njiani, huuza kwa bei ya kutupa.

Kwa mchuuzi huyu baiskeli ni sehemu ya mtaji, kama ulivyo wavu kwa mvuvi na jembe kwa mkulima. Hata hivyo, wanunuzi wengi huangalia mambo mawili tu wanapokwenda kununua: bei na sura. Matokeo yake, mtu hununua baiskeli nyepesi, nzuri ya kutazama, kisha miezi michache baadaye inakuwa imelala kwa fundi huku marejesho ya mkopo yakiendelea kudaiwa.

Swali la msingi ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza ni moja: baiskeli hii itabeba nini, na itakibeba kupanda au kuteremka?

Somo la baiskeli isiyo na breki

Ipo aina ya baiskeli ambayo katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani imependwa sana na vijana. Asili yake ni mashindano ya mbio za kuzunguka uwanjani. Nchini Japani mbio za namna hiyo, zinazoitwa keirin, zilianza mwaka 1948 na watu huzichezea kamari mpaka leo. Baiskeli ya uwanjani ina gia moja, haina breki, na haina friwili. Maana yake ni kwamba gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo lazima zizunguke. Mwendeshaji hawezi kutuliza miguu hata kwenye mteremko, na anapotaka kupunguza mwendo hukaza miguu kuzuia pedeli.

Matarishi wa baiskeli wa miji kama New York waliipenda kwa sababu ni nyepesi na ina vitu vichache vya kuharibika. Haina nyaya wala kibadilisha gia, na mafuta kidogo kwenye cheni huitosha. Baadaye vijana wengine wakaiga.

Lakini uwanjani hakuna mtembea kwa miguu, hakuna mteremko mrefu na hakuna mzigo. Mtaani mambo ni tofauti. Uingereza, sheria inataka baiskeli ya namna hiyo iwe angalau na breki ya mbele. Mwaka 2017 mahakama ya London ilimhukumu kijana mmoja kifungo cha miezi 18 baada ya kumgonga mwanamke aliyekuwa akivuka barabara, ambaye alifariki dunia. Baiskeli yake ilikuwa ya uwanjani na haikuwa na breki ya mbele.

Mchuuzi wa Kigoma anaweza kujifunza mambo mawili kutoka kwa baiskeli hiyo. La kwanza ni la kuiga: gia moja inatosha, na kitu kisichokuwepo hakiharibiki. La pili ni la kuepuka: wepesi na mwendo usinunuliwe kwa kutoa breki. Baiskeli za kazi zinazofahamika nchini, yaani Phoenix ya China, Hero na Avon za India, Raleigh ya Uingereza, na Swala iliyokuwa ikitengenezwa Dar es Salaam, zote kwa kawaida zilikuja na gia moja, lakini zikiwa na friwili, breki mbili na keria. Huo ndio msingi wa kuanzia.

Dagaa hupanda, mawese huteremka

Sura ya ardhi ya Kigoma ndiyo inayoamua mengi. Ziwa liko chini kuliko vyote. Anayetoka Kibirizi hufuata ufukwe hadi karibu na kituo cha reli, ambacho njia yake ilifika Kigoma mwaka 1914 wakati wa Wajerumani. Kutoka hapo barabara ya Lumumba inapanda kwenda Mwanga, na mbele zaidi ni Ujiji. Kwa hiyo mwenye dagaa hupanda mlima akiwa na mzigo na kurudi akiwa mtupu.

Mwenye mawese, ndizi, mkaa au mihogo kutoka vijiji vya juu yuko kinyume chake. Huyu hupita vilima, lakini mwisho wa safari ni kuteremka na mzigo hadi mjini au mwaloni, kisha kupanda akiwa mtupu au na bidhaa chache za dukani.

Wafanyabiashara hawa wawili hawahitaji kutilia mkazo kitu kilekile. Wa dagaa anahitaji zaidi gia laini ya kupandia, na wa mawese anahitaji zaidi breki. Anayefanya biashara zote mbili anahitaji vyote viwili, na hapo ndipo fedha yake inapopaswa kwenda kabla ya kununua mapambo.

Ni vyema pia kujua uzito halisi. Dumu la lita 20 la maji lina kilo 20. Dumu hilohilo likijaa mawese lina kilo zipatazo 18 bila dumu lenyewe, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Madumu manne ya mawese ni kilo 72, na ukijumlisha madumu yenyewe unakaribia kilo 76. Dagaa wabichi ni wazito kwa maji yaliyomo. Wakikaushwa hupoteza zaidi ya nusu ya uzito, hivyo gunia la dagaa wakavu ni kubwa kwa macho lakini jepesi kwa magoti.

Hesabu ya meno

Wengi hudhani kwamba baiskeli nzito kupanda ni baiskeli mbovu. Mara nyingi si mbovu, bali meno yake hayalingani na mlima. Hesabu yake ni rahisi na haihitaji fundi.

Hesabu meno ya duara kubwa la mbele lililo kwenye pedeli. Hesabu meno ya friwili ya nyuma. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma. Kwa mfano, meno 48 mbele na 18 nyuma yanatoa 2.67. Maana yake, kila pedeli inapozunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na zaidi ya nusu. Gurudumu la baiskeli ya kazi ya inchi 28 lina mzunguko wa mita 2.2 hivi, kwa hiyo baiskeli inasogea karibu mita 5.9.

Sasa badilisha friwili pekee, uweke yenye meno 22. Jibu linakuwa 2.18, na baiskeli inasogea mita 4.8 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Nguvu inayohitajika miguuni inapungua kwa asilimia 18 hivi, karibu moja ya tano. Hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kumaliza mlima ukiwa juu ya tandiko na kushuka nusu ya njia ili usukume.

Gharama yake ni mwendo. Kwa mizunguko 60 ya pedeli kwa dakika, baiskeli ya kwanza huenda kilomita 21 kwa saa, na ya pili huenda kilomita 17. Kwa safari fupi ya kutoka mwaloni hadi sokoni, dakika chache zinazopotea mahali tambarare hurudishwa mlimani. Friwili ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na baiskeli nzima. Wakati wa kuibadilisha, fundi aangalie kama cheni inahitaji kuongezwa pingili.

Kushuka na kusukuma nako si aibu. Katika mashindano makubwa ya Tour de France, vibadilisha gia havikuruhusiwa mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo, wakimbiaji hodari kabisa walikuwa wakishuka chini ya mlima na kugeuza gurudumu la nyuma ili watumie upande wenye meno mengi.

Breki ndizo mtaji

Kosa kubwa la mbeba mawese ni kuzijaribu breki akiwa mtupu na mahali tambarare. Mwendeshaji wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20 na madumu manne ni zaidi ya kilo 160 zinazoteremka pamoja. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Anayehitaji mita 5 kusimama akiwa na mwendo mdogo atahitaji mita 20 akiuongeza mara mbili.

Breki za vyuma za baiskeli za zamani ni imara na hazina waya wa kukatika, lakini zina udhaifu mmoja. Ringi nyingi za baiskeli hizo ni za chuma kilichopakwa rangi ya fedha inayong'aa. Ringi hiyo ikilowa, raba za breki huteleza na nguvu ya kusimamisha hupungua sana. Katika miezi ya mvua, kati ya Novemba na Aprili, mbeba mzigo anapaswa kuanza kubana breki mapema na kwa vipindi ili raba zifute maji, badala ya kungoja mpaka afike kwenye kona.

Ringi za alumini hushika vizuri zaidi kwenye maji, na ni jambo la kuulizia unaponunua. Breki zote mbili zifanye kazi. Mzigo ulio nyuma hulikandamiza gurudumu la nyuma, jambo linaloisaidia breki yake, lakini breki ya mbele bado inahitajika. Raba za breki zibadilishwe kabla chuma chake hakijaanza kukwaruza ringi. Hakuna kipuri kingine cha bei ndogo namna hiyo kinacholinda mali nyingi kiasi hicho.

"Ishirini na nane" si moja

Baiskeli nyingi za mtumba zinazoingia nchini kutoka Japani na Ulaya ni nzuri na zimetengenezwa kwa ustadi. Tatizo huanza siku ya pancha ya kwanza isiyozibika.

Baiskeli za kazi zinazouzwa madukani hutumia tairi la inchi 28 kwa moja na nusu. Baiskeli za mbio za mtumba nazo watu huziita za 28. Ukweli ni kwamba matairi haya hayaingiliani. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zilizotenganishwa na kistari, na ya pili ndiyo kipimo halisi cha ringi kwa milimita. Baiskeli ya kazi ina 635, ya mbio ina 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi la moja halikai kwenye ringi ya nyingine.

Hali ni hiyohiyo kwa za inchi 26. Nyingi za milimani zina 559, na baiskeli nyingi za mjini kutoka Japani zina 590. Mnunuzi aandike namba hiyo kwenye karatasi, kisha aende kwenye maduka ya vipuri ya Mwanga na Ujiji kabla ya kulipia baiskeli. Kama tairi hilo halipatikani katika maduka mawili au matatu, baiskeli hiyo ni ya bei rahisi siku ya kwanza tu.

Keria, spoku na fremu

Baiskeli za kazi za mtindo wa Kiingereza na Kihindi zilitengenezwa kwa kufuata kanuni ya zamani ya spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa uzito uko nyuma. Magurudumu mengi ya baiskeli za mbio yana spoku 36 au pungufu, na matairi yake ni membamba. Kwenye mchanga wa ufukweni tairi jembamba huzama, na kwenye mawe hupasua tyubu kirahisi.

Keria ya kazi ifungwe kwa bolti kwenye ekseli ya nyuma au karibu nayo, si kwa kuning'inizwa kwenye nguzo ya tandiko pekee. Anayetaka kuiongezea nguvu kwa kuchomelea nondo achomelee keria yenyewe, si fremu. Bomba la fremu ni jembamba, na moto wa kuchomelea hulidhoofisha pale lilipounganishwa.

Mzigo uwe chini na karibu na tandiko iwezekanavyo. Madumu mawili yakining'inia kila upande wa keria hutulia kuliko manne yaliyopangwa juu. Mzigo uliorudi nyuma sana huinua gurudumu la mbele mlimani, na usukani hupoteza mwelekeo.

Wanawake, ambao ni nguzo ya kazi ya kuanika na kuuza dagaa, mara nyingi huambiwa kwamba fremu ya kike, yaani isiyo na bomba la juu, si ya kazi. Ni kweli kwamba fremu yenye bomba la juu, hasa yenye mabomba mawili, hustahimili mzigo mkubwa zaidi. Lakini keria ikijaa hakuna anayeweza kupitisha mguu kwa nyuma. Kwa mzigo wa wastani, fremu ya kike humruhusu mwendeshaji kupanda na kushuka haraka bila kuangusha mali. Hata mwanamume anayebeba magunia marefu anaweza kufaidika nayo.

Mawazo haya yamefuatwa hata na wataalamu. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilibuni baiskeli ya Buffalo kwa ajili ya vijijini Afrika na kuisambaza katika nchi kama Zambia, Kenya na Malawi. Halikuanza na gia nyingi. Lilianza na gia moja, keria ya kubeba kilo 100, matairi mapana, na breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume.

Mfano wa hesabu

Ili kuona tofauti, chukua mfano ufuatao. Bei hizi ni za mfano tu, na kila msomaji aweke za mtaani kwake.

Mchuuzi wa kwanza ananunua baiskeli ya mbio ya mtumba kwa shilingi 150,000. Inabeba kilo 40 kwa safari. Wa pili ananunua baiskeli ya kazi kwa shilingi 300,000, inayobeba kilo 80. Kila kilo inampa mchuuzi shilingi 100. Wa kwanza anapata shilingi 4,000 kwa safari na kutenga 1,500 za matengenezo, kwa sababu spoku na matairi humsumbua. Anabaki na 2,500. Wa pili anapata 8,000 na kutenga 750, hivyo anabaki na 7,250.

Wa kwanza anahitaji safari 60 kurudisha fedha yake. Wa pili, aliyelipa mara mbili, anahitaji safari 42. Baiskeli ya bei ya juu ndiyo iliyojilipa mapema.

Mbalamwezi na kupumzishwa kwa ziwa

Hesabu ya safari ina umuhimu wa pekee Kibirizi, kwa sababu siku za kazi hazilingani na siku za kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, na uvuvi husimama kwa takriban wiki moja kila mwezi. Mwenye kukopa kwa marejesho ya kila wiki lazima azijue wiki hizo kabla ya kutia saini.

Tena kuna jambo la kupumzisha ziwa. Baada ya Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia kukubaliana kulinda samaki wanaopungua, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kwa miezi mitatu dagaa wabichi hawakuwa wa kutegemewa.

Rudi kwenye mfano. Kama wachuuzi hao wawili walinunua baiskeli katikati ya Machi na kufanya safari 20 kila mwezi, siku ziwa linafungwa kila mmoja alikuwa na safari 40. Wa kwanza alikuwa amerudisha shilingi 100,000, bado 50,000. Wa pili alikuwa amerudisha 290,000, bado 10,000. Zaidi ya hapo, baiskeli ya wa pili iliweza kuhamia kwenye mawese, mihogo au maji, wakati ya wa kwanza haikuwa na mahali pa kufungia madumu.

Kwa sababu hiyo, anayetegemea dagaa peke yake anunue baiskeli inayoweza kufanya kazi nyingine siku ziwa likipumzika.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi ainue gurudumu na kulizungusha. Likiyumba karibu na raba za breki, ringi imepinda. Avute cheni mbele, kwenye duara kubwa. Ikiachana na meno kwa zaidi ya nusu ya jino, cheni imekwisha. Apitishe kidole kwenye viungo vya fremu kutafuta ufa uliofichwa na rangi mpya. Ashike pedeli na kuzitikisa ili kuona kama gololi zimelegea.

Kisha aombe kuijaribu. Muuzaji mkweli hatakataa kufungiwa mzigo wa kilo 40 kwenye keria na baiskeli kupelekwa kwenye mwinuko ulio karibu, ikapanda na kuteremka mara moja. Dakika kumi hizo husema kweli kuliko maneno ya dukani. Mwisho achukue risiti yenye namba ya fremu, kwa kuwa baiskeli ikiibwa, namba hiyo ndiyo ushahidi.

Baada ya breki, meno, tairi na keria kukaguliwa kwa utaratibu huo, ndipo mnunuzi azungumze bei. Rangi anaweza kuichagua mwisho kabisa.